Chora mmea kabla hujaunywa

"Ni majani gani uliyokunywa?"

"Majani fulani tu, daktari. Ya kijani."

Mpenzi msomaji, hayo ni mazungumzo ya kawaida katika vyumba vya madaktari wa Kitengela, Ongata Rongai, Kajiado na kwingineko. Mgonjwa amekuja akitapika, au moyo wake unadunda ovyo, au haja ndogo imekataa kutoka. Anakiri kwamba kabla ya kuja alichemsha dawa ya miti aliyoelekezwa na shangazi, au aliyoichuma mwenyewe kando ya ua. Je, majani yalikaa mawili mawili au moja moja? Hajui. Yalikuwa na meno pembezoni? Hakumbuki. Mmea ulikuwa na miiba? Labda.

Mgonjwa huyo si mjinga. Aliutazama mmea lakini hakuuona. Sisi tunaoishi mijini tumezoea kuona kijani na kupita. Nyanya zetu waliochunga mbuzi na kuchanja kuni waliijua mimea kwa miiba yake, kwa utomvu wake na kwa jinsi jani linavyoshika tawi. Sisi tumerithi dawa zao bila kurithi macho yao.

Wiki hii basi nakuandikia dawa isiyouzwa katika duka lolote la dawa: jifunze kuchora mimea. Sisemi uchore picha ya kutundika ukutani. Nasema uchore kwa kuujenga mmea hatua kwa hatua, kuanzia mifupa yake, kwa sababu kila hatua itakulazimisha kujibu swali ambalo daktari wako atakuuliza.

Mimea miwili inayofanana

Chukua mfano mmoja wa karibu. Katika vichaka vya Kajiado na vilima vya Ngong kuna mmea ambao Wamaasai huuita olamuriaki na Wakikuyu huuita mukawa. Kwa Kiswahili ni mtandamboo. Watoto hula matunda yake matamu, na mizizi yake huchemshwa pamoja na supu au chai.

Katika vichaka vya aina hiyo hiyo huweza kuota mmea mwingine, olmorijoi, ambao Waswahili huuita msunguti. Wawindaji wa Kikamba na wa pwani walichemsha miti ya msunguti kupata sumu ya kupaka mishale. Sumu hiyo hushika moyo. Mtu aliyeinywa hutapika, huishiwa nguvu, na mapigo ya moyo wake hupungua au huenda bila mpango, hata yakasimama.

Mimea hii ni ya ukoo mmoja. Yote miwili ina majani yanayokaa mawili mawili yakitazamana. Yote miwili hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Maua yake ni madogo, meupe yenye wekundu wa waridi, na yananukia vizuri. Matunda yake hugeuka kuwa mekundu, kisha zambarau iliyokolea. Mtu aliyepita haraka ataapa kwamba ni mmea mmoja.

Tofauti iko wapi? Olamuriaki ina miiba migumu iliyonyooka, inayotokea pale majani yanaposhikana na tawi. Olmorijoi haina miiba. Mtu aliyekwisha kuchora tawi la olamuriaki mara tano, kifundo kwa kifundo, hawezi kusahau miiba hiyo, maana kila kifundo alisimama na kujiuliza aiweke wapi.

Mfano wa pili ni mnanaha, gugu la majani mapana yenye meno yasiyolingana, maua ya umbo la tarumbeta yanayotazama juu, na tunda la mviringo lililojaa miiba. Huota penye takataka, kando ya zizi na katikati ya mboga na nafaka, na mbegu zake zaweza kuvunwa pamoja na mazao. Mwaka 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, karibu watu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula unga wa lishe uliotolewa kama msaada. Uchunguzi ulipata ndani ya unga huo sumu za jamii ya atropini, zile zile zilizomo katika mnanaha. Mgonjwa wa sumu hii hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, ngozi huwa moto, moyo huenda mbio, naye huanza kuweweseka na kuwaona watu wasiokuwapo.

Simu si inatosha?

Najua utaniuliza: daktari, kwa nini nihangaike na kalamu wakati simu yangu ina kamera? Piga picha, ndiyo, tena piga nyingi. Lakini picha huichukua simu, wewe hubaki na macho yale yale. Mchoro hupita kichwani mwako kabla ya kufika kwenye karatasi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada walichapisha mwaka 2016 matokeo ya majaribio ambapo watu walipewa maneno ya kukumbuka. Waliochora kitu kilichotajwa walikumbuka maneno mengi zaidi kuliko walioandika neno lenyewe, hata kama michoro yao haikuwa mizuri.

Wataalamu wa mimea nao hawajaitupa kalamu. Kile kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kilichosimamiwa na bustani ya Kew ya Uingereza kilianza kutolewa kwa sehemu mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, kikiwa kimeeleza zaidi ya aina 12,000 za mimea. Picha zake ni michoro ya wino mweusi. Sababu ni kwamba mchoraji anaweza kuonyesha kifundo, ua lililopasuliwa na mbegu katika ukurasa mmoja, na kuacha vivuli na vumbi ambavyo kamera haiwezi kuviacha.

Hapa kwetu tunaye Joy Adamson, ambaye wengi humjua kwa sababu ya simba wake Elsa. Kabla ya Elsa alikuwa mchoraji wa mimea. Alifika Kenya mwaka 1937, na mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea wa makumbusho ya Nairobi, aliyemtia moyo achore maua ya porini. Mwaka 1947 michoro hiyo ilimpatia nishani ya dhahabu ya Grenfell kutoka kwa chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza.

Anza na mifupa

"Mimi sijui kuchora." Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya kila mtu mzima. Ukweli ni kwamba hukufundishwa pa kuanzia. Wengi huanza na ukingo wa nje wa jani, wakiufuata polepole kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Wakifika mwisho, jani limepinda, ncha imepotea na meno yamejazana upande mmoja.

Sisi madaktari tulipokuwa wanafunzi tulichora mwili kwa kuujenga: kwanza mfupa, kisha misuli, mwishoni ngozi. Mmea pia una mifupa yake: shina, kifundo na uti wa jani. Ukiiweka sawa, yaliyobaki huingia mahali pake. Ukiikosea, hakuna urembo utakaouokoa mchoro.

Vifaa ni vichache: daftari lisilo na mistari, penseli, na kalamu ya wino ya kawaida. Kwa mazoezi tumia kalamu. Penseli hukuvuta kufutafuta, na anayefuta kila mara hajifunzi kuangalia kabla ya kuchora. Tenga dakika 20 kila siku badala ya saa 3 za Jumapili moja kwa mwezi.

Zoezi la kwanza: mstari na mdomo wa kikombe. Weka nukta mbili kwenye karatasi. Pitisha kalamu hewani kutoka nukta moja hadi nyingine mara mbili au tatu bila kugusa karatasi, kisha chora mstari mara moja. Tumia mkono mzima kuanzia begani, si vidole. Ukikosea, usirudie juu yake. Weka nukta nyingine. Baada ya hapo shika kikombe. Ukikitazama kutoka juu, mdomo wake ni duara. Kiinue taratibu hadi usawa wa macho uone duara linavyobanwa likawa duaradufu, na mwisho mstari tu. Chora midomo 20 ya kikombe, mipana na myembamba. Duaradufu hiyo utaikuta katika kila ua na kila shina.

Zoezi la pili: jani moja. Anza na jani la mpera au mwembe, ambalo ukingo wake ni laini. Mstari wa kwanza ni uti wa jani, kutoka kikonyo hadi ncha, ukifuata jinsi jani linavyopinda. Mstari wa pili na wa tatu ni kingo mbili, nyepesi, bila meno wala mawimbi. Kama jani limejikunja, ukingo mmoja utapita nyuma ya mwingine. Uchore hivyo hivyo. Ndipo uongeze mishipa ya pembeni. Ukizoea, nunua sukuma wiki ya jioni, na kabla ya kuikatakata chora jani moja. Weka kwanza ukingo mwepesi, kisha mawimbi yake juu ya ukingo huo. Kwa majani yenye meno fanya vivyo hivyo, lakini yahesabu meno kwanza. Kuhesabu ndiko kunakolifundisha jicho.

Zoezi la tatu: tawi. Hili ndilo zoezi lenye thamani kubwa kwa afya yako, kwa hiyo usiliruke. Chora tawi kama bomba: kingo mbili, na pete ya duaradufu kila mahali penye kifundo. Kisha jiulize, katika kila pete yanatoka majani mangapi? Kwenye mpera hutoka mawili yakitazamana. Kwenye mwembe na mparachichi hutoka moja moja kwa zamu, yakizunguka tawi. Kwenye oleanda, ule mmea wa maua ya waridi unaopandwa sana kwenye nyua za mijini, aghalabu hutoka matatu kwenye pete moja. Oleanda ni sumu ya moyo kuanzia mzizi hadi ua. Basi kuhesabu hadi tatu kwaweza kumzuia mtu asichemshe majani yasiyofaa. Mwisho angalia kama kwenye kifundo kuna mwiba, na kama ni mmoja au ni jozi.

Zoezi la nne: ua. Unaikumbuka ile karatasi iliyokunjwa ya kuuzia njugu? Maua mengi ni karatasi hiyo ya njugu. Chora mstari wa katikati unaoonyesha ua linakotazama. Juu ya mstari huo weka duaradufu ya mdomo, kisha kingo mbili zinazokutana chini. Ndipo ugawe mdomo kulingana na idadi ya petali. Okota maua ya jakaranda yanayoanguka barabarani na uhesabu ncha zake: ni tano. Mtu aliyezoea kuchora mstari wa katikati atatambua mara moja kwamba ua la mnanaha husimama likitazama juu, ilhali lile tarumbeta kubwa la bustanini huning'inia likitazama chini. Yote mawili ni sumu.

Zoezi la tano ni mti mzima, na kwa hilo inafaa utoke nyumbani.

Mtihani wako uko Oltepesi

Kutoka Kitengela, pitia Isinya hadi Kiserian, kisha ushike barabara ya Magadi. Ukipita Kona Baridi, barabara huteremka kwenye Bonde la Ufa, joto huongezeka, na miti huanza kubadilika. Utafika Oltepesi, karibu na Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey waliyakuta mashoka ya mawe ya kale mwaka 1942. Mary mwenyewe aliingia katika kazi hiyo kwa mlango wa kalamu, akiwachorea wataalamu zana za mawe.

Oltepesi ni jina la mti. Ndivyo Wamaasai wanavyouita ule mgunga wenye umbo la mwavuli. Wanasayansi waliuita Acacia tortilis, na baada ya uamuzi wa mkutano wa Vienna wa mwaka 2005, uliothibitishwa Melbourne mwaka 2011, sasa ni Vachellia tortilis. Majina hubadilika, lakini miiba ni ile ile.

Kaa kwenye kivuli cha mmoja na uchore mwingine. Kwanza shina, kama bomba. Pili matawi makuu, yakipanda na kutawanyika kama mbavu za mwavuli. Tatu weka duaradufu iliyobanwa sana juu yake: hiyo ndiyo kofia ya mti. Usichore majani moja moja. Ni madogo mno na yatakuchosha. Yaonyeshe kwa mafungu.

Ukimaliza, sogea karibu na uchore tawi moja. Utaona jambo ambalo wengi waliopita hapa mara 100 hawajaliona: mti huu una miiba ya aina mbili katika tawi moja. Kuna mirefu, myeupe, iliyonyooka. Na kuna mifupi iliyojikunja kama ndoana. Maganda ya mbegu zake yamejiviringa kama springi, na mbuzi huyapenda sana. Maua yake ni vijimpira vyeupe.

Sasa tafuta jirani yake, olkiloriti, mgunga ambao magome yake Wamaasai huyatia katika supu ya nyama. Huu una vijimpira vya maua ya manjano, miiba yake yote imenyooka, na maganda yake hayakujiviringa. Iweke michoro hiyo miwili kwenye ukurasa mmoja. Ukiweza kumweleza mwenzako tofauti zake bila kurudi kuangalia mti, umefaulu mtihani.

Beba maji mengi na uvae kofia, kwa maana jua la huko halina mzaha. Omba ruhusa kwa wenye ardhi, na uwaulize wazee majina ya mimea. Usivunje matawi ovyo. Jihadhari zaidi na ule mmea wa ua usio na majani ya kuonekana, wenye vijiti vya kijani, ambao Wakikuyu huuita kariaria. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya.

Kando ya kila mchoro andika tarehe, mahali, urefu wa mmea, na kama ulitoa utomvu. Chora sarafu ya shilingi 10 pembeni ili ukubwa ujulikane. Kama ulivyofundishwa katika somo la biolojia, usitie vivuli; weka mstari safi na majina ya sehemu.

Na akili je?

Kuchora kunatuliza pia. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel nchini Marekani waliwapima watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kazi ya sanaa. Kwa takriban robo tatu yao, homoni ya kotiso, ambayo hupanda mtu akiwa na mfadhaiko, ilipungua. Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usiache dawa zako za presha kwa sababu umenunua daftari. Lakini dakika 20 za kulitazama jani baada ya kelele za matatu hazina madhara. Pumzisha mkono na macho kila baada ya muda mfupi, hasa kama una maumivu ya viungo.

Ikitokea mtu amekula mmea wa sumu

Mchoro mzuri hauufanyi mmea kuwa salama. Hata ukiwa hodari, usile wala usinywe mmea kwa sababu tu unafanana na mchoro wako. Kazi ya daftari ni kukufanya uwe na shaka mapema, na kumsaidia daktari mambo yakiharibika. Yakiharibika, fanya haya:

1. Mtoe mabaki mdomoni na umsuuze kwa maji. Usimlazimishe kutapika, na usimpe maziwa wala mafuta.

2. Mpeleke hospitali mara moja. Usingoje dalili, kwa sababu baadhi ya sumu za moyo huchelewa kujionyesha.

3. Nenda na tawi lenyewe ndani ya karatasi, likiwa na majani na ua au tunda kama yapo. Chukua pia picha ya simu na mchoro kama unao.

4. Kumbuka saa aliyokula, kiasi alichokula, na dawa nyingine anazotumia.

5. Akizimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha uende hospitali.

Kama mna mtoto nyumbani, fanyeni jambo moja mwishoni mwa juma hili. Zungukeni ua wenu pamoja naye, mchore kila mmea uliopo, tawi moja kwa kila ukurasa. Msioujua, mpeleke tawi lake kwa wataalamu wa mimea wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, wawaambie jina. Utakaokuwa wa sumu, mtoto aandike neno SUMU kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wake. Mkono wake ukishauchora, macho yake yataukumbuka.